Kununua laptop used Kariakoo bila kupigwa, na kuhakikisha faili zako hazipotei hata laptop ikifa

Kabla hujatoka nyumbani gawa hela yako mafungu mawili. Fungu kubwa la laptop, fungu dogo la diski ya nje, ile wengi tunaita eksteno, na hilo fungu dogo usiliguse hata winga, yule dalali wa madukani, akikuonesha mashine kali kiasi gani akakwambia ongeza kidogo tu bosi hiyo diski utakuja kuchukua baadae. Baadae haiji, mi niliisubiri miaka miwili. Mwaka 2019 laptop yangu iliteleza kwenye kochi ikaanguka chini, kimo cha goti tu, wala haikupasuka popote. Nimeiwasha ikaanza kulia tik... tik... tik, inanyamaza, alafu tik tena. Humo ndani kulikuwa na picha za baba za miezi yake ya mwisho na sauti yake niliyomrekodi akinisimulia ukoo wetu ulipotokea, dakika arobaini na kitu. Mafundi wawili waliifungua, wote wakaniambia sindano za kusomea diski zimegusa sahani, hamna kitu. Laptop nyingine nilipata baada ya miezi mitatu, ile sauti sina mpaka leo.

Kwaiyo naandika hili kwa mtu anayeenda kununua laptop sasa hivi, hasa mwanafunzi au mzazi wa mwanafunzi, ambaye bajeti yake ni ya used. Mfano nitatumia safari ya juzijuzi tu, Novemba 2025, nilipompeleka binti wa dada yangu Kariakoo anaanza chuo. Tulikuwa na laki saba, tukatenga moja ya diski, tukabaki na laki sita za mashine.

Hatua ya 1: Jua namba unayoitafuta kabla ya kuingia dukani

Hapa ndo watu wengi wanapigwa, maana muuzaji anakwambia "hii ni Core i5" (ndo prosesa, chipu inayoendesha mashine) na wewe unaona i5 ni i5. Sio kweli. Kuna i5 ya 2015 na i5 ya 2023, zote zina stika ya i5. Kinachokupa ukweli ni namba baada ya kistari. i5-6300U ni jenereshen (kizazi) ya sita, i5-7300U ni ya saba, i5-8350U ni ya nane. Ukiona zinaanza na 10, 11 au 12, mfano i5-10310U au i5-1135G7, hiyo ni ya kumi, ya kumi na moja na kuendelea.

Kwa nini uhangaike na jenereshen? Kwa sababu Microsoft walisitisha Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, yani apdeti za usalama za kawaida ndo zimeishia hapo, na Windows 11 kwa utaratibu wao inataka prosesa za Intel kuanzia jenereshen ya nane kwenda juu (kwa Ryzen, prosesa za AMD, ni kuanzia zile za 2000, hapo kuna chache zinazoruka, ila usitegemee bahati). Sasa fikiria maofisi ya Ulaya na Marekani yamefanya nini na mashine zao za jenereshen ya sita na ya saba. Wamezitoa, na nyingi ndo hizo zinazopangwa kwenye fremu zetu kwa bei ya kuvutia. Utakuta zimewekewa Windows 11 kwa njia za kuzunguka, zinawaka vizuri tu, ila Microsoft hawakuahidi kuendelea kuzipa apdeti. Kama una hela ya ya nane usichukue ya sita kwa sababu imeng'aa.

Majina ya kutafuta, hizi za ofisini zilizotengenezwa kudumu: HP EliteBook 840 G5 kwenda juu (G3 ni ya sita, G4 ya saba), Lenovo ThinkPad T480 kwenda juu, Dell Latitude 7490, ila 840 G5, T480 na 7490 zote angalia vizuri prosesa maana zipo zilizotoka na ya saba. Mi nazipenda hizi kuliko laptop mpya za bei hiyohiyo zenye bodi ya plastiki laini na RAM ya 4GB iliyogandishwa kwenye mazabodi. EliteBook, T480 na 7490 unafungua chini unakuta nafasi mbili za RAM, leo unanunua 8GB, mwakani ukipata hela unaongeza. SSD, diski isiyozunguka, ya 256GB inatosha kuanzia. Yenye diski ya kuzunguka usichukue kabisa, ndo ile iliyonililia tik tik.

MacBook used sitaingia sana, ila neno moja tu: hakikisha aliyeiuza katoa akaunti yake ya iCloud mbele yako. Mac za kuanzia M1 ya 2020, na zile za Intel zenye chipu ya T2, zikibaki na akaunti ya mtu ni kama umenunua sinia.

Hatua ya 2: Dukani, usikae mbali na mashine

Nenda asubuhi, siku ya katikati ya wiki, mtu akiwa na nafasi. Beba flashi yako ikiwa na CrystalDiskInfo, ni programu ya bure, chukua ile isiyohitaji kuinstoliwa. Na uwe na bando la kurushia hotspoti.

Tulipoingia fremu ya tatu kijana akatutolea 840 G5 safi, akasema "Bosi hii imetoka Ulaya wiki hii, haijaguswa." Nikamwambia kaka niruhusu nifungue kitu kimoja tu. Akasita kidogo alafu akaruhusu. Muuzaji akikukatalia kabisa kuipima, shukuru ondoka, hata kama bei ni nzuri. Fremu zipo nyingi.

Anza na betri. Kwenye sehemu ya kutafutia andika cmd, kikifunguka kile kidirisha cheusi andika powercfg /batteryreport alafu bonyeza enter. Itakwambia faili imehifadhiwa wapi, ifungue. Humo kuna mistari miwili ya kuiangalia, DESIGN CAPACITY ambayo ni ujazo betri ilipotoka kiwandani, na FULL CHARGE CAPACITY ambayo ni ujazo wa leo. Ile ya kijana ilitoka kiwandani na kama 50,000, leo inajaza 31,000. Gawanya hapo, ni asilimia 62. Binti akaniangalia, mi nikamwangalia kijana, nikamwambia kaka betri imechoka hii, utaiweka nyingine au unatoa hela? Akatoa elfu arobaini bila maneno mengi. Namba ikishakuwa kwenye kioo hamna cha kubishania, ndo uzuri wake. Mimi chini ya asilimia 70 nahesabu kabisa kwamba betri mpya ni juu yangu, na napunguza kwenye bei. ThinkPad T480 ina betri mbili, ya ndani na ya nje, ripoti itakuonesha zote, usiangalie moja ukaridhika.

Baada ya betri fungua CrystalDiskInfo uone afya ya diski na masaa iliyowaka. Rangi ya bluu na Good sawa, njano na Caution achana nayo au abadilishiwe SSD palepale. Alafu andika msinfo32 uhakikishe prosesa na RAM ni zile ulizoambiwa, na tpm.msc uone kama TPM, chipu ya usalama, ipo na ni 2.0, hiyo Windows 11 inaitaka.

Kibodi, hii watu wanaiacha. Fungua Notepad bonyeza kila kitufe, kimoja kimoja, pamoja na vile vya pembeni. Mashine nyingi zinatoka Ujerumani na Ufaransa, kibodi zao Z iko mahali pa Y au A iko mahali pa Q, na wauzaji wanabandika stika za herufi juu yake. Stika zikianza kubanduka kwa jasho la Dar utajuta. Pitisha kucha pembeni ya kitufe utaisikia kama kuna stika.

Kioo: weka picha nyeupe ijaze kioo chote utafute madoa, alafu nyeusi utafute mwanga unaovuja kwenye kona. Fungua na ufunge mfuniko taratibu ukisikiliza bawaba. Kamera, spika, maiki, matundu yote ya USB, yapime yote na ile flashi yako. Chaja ichomeke uitikise kidogo, taa isiwe inakatika.

Sasa kipimo ambacho karibu hamna anayekifanya na ndo kinaumiza vibaya. Mashine za maofisi nyingine zinauzwa zikiwa bado zimefungwa na kampuni iliyozimiliki. Ukiwa dukani inawaka kawaida kabisa. Siku ukiifomati upya na kuiunganisha na intaneti inakuletea jina la kampuni fulani ya huko, inataka imeili ya kazi ya huko, na wewe huna. Kwaiyo mwambie muuzaji airiseti mbele yako, na ile hatua ya kuweka intaneti msiiruke, unganisha hotspoti yako. Ikikuomba akaunti ya kawaida ya Microsoft uko salama, ikitaja kampuni irudishe. Kisha izime, iwashe ukiwa unabonyeza F10 kwa HP, F2 kwa Dell, F1 kwa ThinkPad, uingie BIOS, ile mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka. Ikikudai paswedi huko, na muuzaji haijui, iache. Inachukua kama saa moja yote hii. Tulikaa, binti akanunua maji, tukasubiri. Ya kwanza ile ya betri 62 ilipita.

Hatua ya 3: Kulipa

Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, sio karatasi ya daftari. Iandikwe aina ya mashine na ikiwezekana serial number yake iliyo chini ya laptop, maana ikija kutokea ya wizi hiyo risiti ndo inakutoa. Waranti ya muda gani, inahusu nini, iandikwe pia. Piga picha risiti hapohapo, wino wa EFD unafutika wenyewe baada ya miezi.

Hatua ya 4: Diski, siku hiyohiyo

Usitoke Kariakoo bila diski. 1TB inatosha watu wengi. Nunua kwenye duka linalotoa risiti, jina linalojulikana kama Seagate, WD, Toshiba, Samsung. Zile za "2TB" za mezani kwa elfu ishirini au thelathini achana nazo, ndani ni kumbukumbu ndogo iliyodanganyiwa namba. Inakubali kila unachoweka, inaonesha mafaili yote yapo, siku ukifungua picha ya mia tatu inakataa. Kupima ni rahisi, kuna programu ndogo ya bure inaitwa H2testw, inajaza diski nzima na data ya majaribio alafu inaisoma tena kuona kama imerudi ilivyo. Inaweza kuchukua masaa kibao, iache usiku kama umeme unaaminika, ila ifanye kabla hujaweka kitu chako hata kimoja.

Kama utaitumia kwenye Windows na Mac ifomati exFAT, Windows peke yake weka NTFS. FAT32 haipokei faili moja inayozidi 4GB, video ndefu ya harusi itakugomea.

Hatua ya 5: Bakapu yenyewe

Kanuni ninayoifuata ni 3-2-1, aliieneza mpigapicha mmoja Mmarekani anaitwa Peter Krogh na mpaka leo watu wa IT wanaifuata. Nakala tatu za kila kitu unachokithamini, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja ikae mbali na nyumba. Nakala tatu ukihesabu na ile iliyo kwenye laptop, kwaiyo unaongeza mbili tu, diski na sehemu nyingine.

Kwanza amua unachokithamini. Sio kila kitu. Muvi na magemu unaweza kudanlodi tena. Binti tulimwekea folda moja ndani ya Documents, ndani yake CHUO, PICHA, VYETI. Vyeti alivyoskani, kuanzia cha kuzaliwa mpaka cha form six. Kila kitu muhimu kinaingia humo, hamna kuacha faili kwenye Desktop au Downloads, maana siku ya kubakapu utasahau ulikoziacha.

Nakala ya kwanza ya kuongeza ni diski. Chomeka, andika File History kwenye sehemu ya kutafutia, iwashe, chagua hiyo diski. Kuanzia hapo kila diski ikiwa imechomekwa inakopi yaliyobadilika kwenye Documents, Pictures na Desktop, na inatunza matoleo ya zamani pia, kwaiyo ukiharibu sura ya tatu ya ripoti yako leo unaweza kuirudisha ya juzi. Kukopi na kupesti kwa mkono nako kunafaa kuliko kukaa bure, ila kila mara fungua folda mpya yenye tarehe, usipesti juu ya ya zamani. Alafu chomoa. Hii nasisitiza sana, diski haikai imechomekwa. Virusi vinavyofunga mafaili na kudai hela, kama WannaCry ile ya Mei 2017, vinapita kwenye kila diski vinayoikuta imechomekwa. Na umeme ukikatika ukarudi kwa nguvu vinaungua vyote viwili pamoja. Na mwizi anaebeba laptop mezani anabeba na kilichoning'inia. Diski iliyochomekwa muda wote ni nakala ileile moja tu yenye waya.

Ikae wapi? Sio kwenye begi la laptop! Kabatini, juu, imefungwa kwenye nguo.

Nakala ya mbali: kama mafaili yako ni ya maandishi mengi, Google Drive inakupa 15GB bure, inatosha kabisa shule nzima. OneDrive bure ni 5GB tu, na angalia, Windows 11 inapenda kukuwekea Desktop na Documents humo bila wewe kuelewa, ikijaa inaanza kukupigia kelele. Ila elewa kitu kimoja, hizi huduma zinalinganisha, ukifuta faili kwenye laptop linafutwa na huko. Linakaa kwenye taka za Google siku 30 alafu basi. Kwaiyo klaudi peke yake sio bakapu, ni nakala ya tatu. Na hiyo 15GB inagawana na Gmail, na picha za Google Photos, na tangu 2024 hata bakapu ya WhatsApp ya Android inahesabiwa humo. Akaunti ya Google ambayo haijaguswa miaka miwili wana haki ya kuifuta, ingia hata mara moja.

Kwa picha na video nyingi bando litakumaliza, mi nimefanya hivi: nimenunua diski ya pili, inakaa kwa dada. Jumamosi ya kwanza ya mwezi naenda nayo ile iliyo kwangu, narudi na ya kwake. Zinabadilishana. Nyumba yangu ikiungua leo, nitakuwa nimepoteza kazi ya mwezi mmoja tu.

Na funguo. Windows 11 za siku hizi ukiingia na akaunti ya Microsoft mara nyingi inafunga diski ya ndani kwa BitLocker yenyewe, ni jambo zuri, mwizi hatasoma kitu. Ila ikitokea fundi kagusa mazabodi au apdeti imekwenda vibaya inakudai namba ya tarakimu 48, usipokuwa nayo na wewe ni mwizi tu mbele yake. Ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft, itafute, iandike kwenye karatasi, karatasi iweke na vyeti. Paswedi ya Gmail na namba za akiba za kuingilia nazo ziandike. Laini ya simu ikipotea ndo utajua umuhimu wake.

Hatua ya 6: Jaribu kurudisha

Bakapu ambayo hujawahi kuirudisha huijui. Hii inachukua robo saa, ifanye wiki ya kwanza na kila baada ya miezi mitatu. Chukua diski, ichomeke kwenye kompyuta ya mtu mwingine unayemwamini, sio yako, fungua mafaili matatu ya aina tofauti, la maandishi, picha, video. Yafungue mpaka mwisho, video isogeze mpaka dakika za mwisho. Sio kuangalia majina tu ukaridhika.

Wiki iliyopita binti kanipigia. Alikuwa kwa mwenzake hosteli, kachomeka diski kwenye laptop ya huyo mwenzake. "Anko, CHUO imefunguka, vyeti vimefunguka, ila kuna video ya bibi inagoma." Kumbe aliichomoa diski siku ile kabla haijamaliza kukopi. Video kwenye laptop bado ipo. Nikamwambia ikopi tena, subiri mpaka imalize, bonyeza Eject kabla ya kuchomoa, alafu rudi kwa mwenzako uifungue tena nikiwa kwenye simu. Nikasubiri. Baada ya kama dakika ishirini nikasikia kwa mbali sauti ya mama yangu akimwambia aache kumrekodi aje amsaidie kuchambua mchele.